Bidoni Elfu Mbili

Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, saa tisa alasiri, hapakuwa na wingu hata moja juu ya mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo. Upepo mkavu ulitoka ziwani ukapita juu ya bonde la Mulongwe, ukiokota vumbi njiani. Ilikuwa zamu ya tatu ya kumwagilia siku ile. Casimir Wilondja alimimina esansi, yaani petroli, katika tangi ya motopompe ya kuvutia maji, chupa moja ya lita moja na nusu, kisha akavuta kamba. Mashine ikanguruma. Tiyo, ule mpira wa maji, ikajaa, ikalegea, ikajaa tena. Hatimaye maji yalitoka, lakini yalitoka bila nguvu.

Jirani yake wa shamba, Félicité, alikuwa akifunga matita ya mboga ya lengalenga ya kupeleka sokoni. Aliyatazama maji yale, akacheka.

— Papa Prezida, mashine yako iko inakojoa kama muzee.

Casimir hakucheka. Alitazama nyanya zake, ambazo majani yake yalikuwa yamejikunja, kisha akatazama ng'ambo ya mfereji. Huko kulikuwa na shamba la Nijimbere Pierre-Claver, mkimbizi kutoka Burundi. Vitunguu vyake vilisimama vyenye afya, kijani kibichi. Udongo wake ulikuwa bado mweusi kwa unyevu.

Watu hao watatu walikuwa na kisima kimoja na mashine moja. Walikuwa wamechimba kisima pamoja, na mashine waliinunua kwa michango sawa. Nijimbere aliuza mbuzi wake wote wawili ili asipungukiwe. Walimwagilia Jumanne na Ijumaa. Sheria yao ilikuwa nyepesi: kila mtu chupa moja ya esansi. Esansi ikiisha, mashine inazimika, na zamu ya mtu imekwisha. Hakuna aliyehitaji saa wala karatasi. Wote waliamini kwamba esansi sawa huleta maji sawa.

Casimir ndiye aliyepanga zamu. Akiwa mkubwa wao na prezida wa kikundi, alijichagulia zamu ya alasiri, akisema kwamba jua la alasiri ni dhaifu na maji hayapotei hewani. Félicité alipewa katikati ya asubuhi. Zamu ya alfajiri, ambayo hakuna aliyeitaka kwa sababu ya usingizi, ilimwangukia Nijimbere. Mgeni hakulalamika. Kila Jumanne na kila Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, Nijimbere aliwasha mashine na mkewe Kezimana akashika tiyo.

Mwezi wa Juni maji yalitosha kwa wote. Mwezi wa Julai nyanya za Casimir zilianza kukauka, na moyo wake ukaanza kutafuta mtu.

Aliwaza hivi. Mashine ni ile ile. Chupa ni ile ile. Shamba la mgeni lina maji, langu halina. Basi mgeni anakuja usiku kuchota maji katika kisima. Hakumwona mtu usiku. Hakukuta alama ya mguu. Hata hivyo, wazo lile lilikaa ndani yake siku kumi na mbili, na siku ya kumi na tatu lilikuwa limegeuka kuwa ushahidi.

Jumapili tarehe 21 Julai, baada ya ibada, aliwaita wakulima wa bonde kando ya kisima. Walikuja watu kama thelathini. Casimir alisimama juu ya jiwe la kufulia, akasema mbele ya wote kwamba Nijimbere ni mwizi wa maji.

Nijimbere alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alivua kofia kabla ya kujibu.

— Papa Casimir, mi sikuiba. Tupime. Tuweke bidoni ya kuchotea maji chini ya tiyo asubuhi, tuhesabu. Tuweke tena saa ya zamu yako, tuhesabu. Tutaona.

— Mashine ni ile ile, chupa ni ile ile, akasema Casimir. Unataka kupima nini?

— Maji.

Baadhi ya watu walicheka. Waliona ni jambo la kitoto kupima kitu kinachotoka ardhini bure. Félicité hakucheka, lakini hakusema neno. Alifahamu kwamba hata zamu yake ilikuwa na maji machache kuliko ya alfajiri, naye alinyamaza, kwa maana prezida alikuwa mtu wa kabila lake na wa kanisa lake. Kimya kile alikuja kukijutia.

Hivyo Nijimbere akaondolewa katika kikundi. Michango yake katika mashine haikurudishwa. Siku ile ile watoto wa bonde walianza kuwaita wanawe watatu «batoto ya mwizi», na jina hilo likawafuata mpaka mlango wa kanisa.

Ijumaa iliyofuata maji ya Casimir yaliongezeka. Aliwaita majirani waje kuona.

— Munaona sasa? Kisima kimepona.

Kisima hakikuwa kimepona. Kilikuwa kimetolewa maji zamu mbili badala ya tatu, basi. Lakini Casimir hakupima, na mtu asiyepima huona kile alichokwisha kukiamini.

Nijimbere hakuondoka bondeni. Vitunguu vyake vilikuwa vimebakiza miezi miwili, na ada ya shule ya watoto ilikuwa ndani ya vitunguu vile. Aliamua kuchimba kisima chake mwenyewe, katika kona ya shamba lake. Alishuka chini kwa sururu na koleo. Kezimana alisimama juu, akivuta ndoo ya mchanga kwa kamba. Udongo wa mahali pale ni mchanga mtupu. Kisima cha mchanga hutaka pete za saruji, zishuke pamoja na mchimbaji, zikizuia ukuta. Nijimbere alijua. Pete hakuwa nazo.

Jumanne tarehe 6 Agosti, alasiri, alikuwa amefika mita nne.

Ng'ambo ya mfereji Casimir alikuwa katika zamu yake. Motopompe ilinguruma karibu na masikio yake, naye alikuwa ameinama akifungulia maji mitaro ya nyanya. Chupa aliyoimimina ilikuwa imejaa, kwa hiyo mashine haikuzimika karibu saa nzima. Esansi ilipokwisha, mashine ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Ndipo aliposikia sauti ya mwanamke. Kezimana alikuwa akipiga yowe, na sauti yake ilikuwa imekwisha kupasuka. Alikuwa amelia kwa muda gani, hakuna aliyepima.

Casimir alikimbia. Aliruka mfereji, akamkuta Kezimana amepiga magoti, kamba imekazika mikononi mwake, na chini hakuna shimo tena, ila mchanga. Alichimba kwa koleo, kisha kwa mikono, akiogopa kumkata. Wanaume wengine walikuja. Jua lilikuwa likikaribia milima walipomtoa. Casimir ndiye aliyemshika mabega. Mdomo wa Nijimbere ulikuwa umejaa mchanga mkavu. Hakuwa amefikia maji.

Walimzika kesho yake. Casimir alikwenda mazishini, akasimama nyuma, akaondoka kabla ya watu kula. Nyumbani aliwaambia watu wake kwamba ni kazi ya Mungu. Alisema hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kezimana alibaki na watoto watatu na vitunguu nusu vimekauka. Kila asubuhi alitembea mpaka mtoni na bidoni moja kichwani, akarudi, akatembea tena. Alimwagilia kwa kopo, shina kwa shina. Alipopita karibu na kisima cha kikundi hakugeuza uso.

Katikati ya Agosti jambo moja lilitokea ambalo Casimir hakulitazamia. Maji ya alasiri yalipungua tena. Yalipungua hata yakawa machache kuliko ya mwezi wa Julai. Ijumaa tarehe 16 alisimama akishika tiyo, na maji yakamdondokea miguuni kama ya bomba bovu. Félicité alikuja akasimama kando yake. Safari hii hakufanya mzaha.

— Papa Casimir, maji inapunguka tena, mwizi ni nani sasa?

Casimir alitikisa tiyo kana kwamba maji yamekwama ndani.

— Yule tulimuzika, Félicité akasema. Mi nitamwita Nadège wa Fizi.

Nadège alikuwa mtaalamu wa kilimo katika chama kimoja cha wakulima. Alifika Jumanne asubuhi sana kwa pikipiki, amevaa buti za plastiki. Hakuleta chombo chochote cha ajabu. Alikuwa na simu yenye saa, daftari, kamba ndefu yenye jiwe, na bidoni moja ya lita ishirini iliyokatwa juu. Aliomba wafanye zamu tatu kama zamani, kila moja chupa moja, wala wasibadili kitu.

Alfajiri Félicité aliwasha mashine. Nadège alingoja maji yatulie, kisha akasukuma bidoni chini ya mdomo wa tiyo na kubonyeza simu wakati ule ule. Bidoni ilipojaa mpaka ukingo, akabonyeza tena.

— Sekunde kumi na mbili.

Alirudia mara tatu, kwa maana mkono wa mtu unaweza kuchelewa. Mara tatu alipata karibu namba ile ile. Alimgeukia Casimir.

— Papa, dakika moya iko na sekunde sitini. Kama bidoni moya inajaa kwa sekunde kumi na mbili, dakika moya itajaza bidoni ngapi?

Casimir alikuwa amesoma mpaka darasa la sita. Alihesabu kwa vidole.

— Tano.

— Tano. Chupa yenu inawaka karibu saa moya. Dakika sitini, bidoni tano tano. Ni bidoni mia tatu.

Akaandika. Kisha akateremsha kamba mpaka jiwe likagusa chini ya kisima, akafunga fundo mahali kamba ilipoanza kulowa.

Katika zamu ya pili bidoni ilijaa kwa sekunde ishirini. Hizo ni bidoni tatu kwa dakika, na mia na makumi manane kwa chupa nzima. Nadège aliteremsha kamba tena. Safari hii fundo lilibaki kavu. Maji yalikuwa chini zaidi.

Saa tisa alasiri mashine iliwashwa mara ya tatu. Chupa ilikuwa ile ile, na mngurumo ulikuwa ule ule. Bidoni ilijaa polepole, watu wote wakiitazama. Nadège alisoma simu yake.

— Sekunde makumi tatu.

— Mbili kwa dakika, akasema Casimir kabla ya kuulizwa. Bidoni mia moya na makumi mbili.

— Ndiyo, Papa.

Nadège alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayejua kwamba maneno yake yataumiza. Kisima si ziwa. Maji huingia ndani yake kidogo kidogo kutoka ubavuni mwa ardhi. Usiku kisima hujaa. Anayetoa alfajiri hukuta maji karibu, na mashine huyavuta bila taabu. Anayetoa mwisho hukuta maji chini sana. Hapo mashine hutumia nguvu yake kuyapandisha, nayo hutoa machache. Kadiri kiangazi kinavyoendelea, ndivyo maji yanavyochelewa kurudi.

— Esansi inapima mashine, alisema. Maji, ni bidoni na saa njo inapima. Tena, kisima cha muchanga bila pete, musimuache mutu ashuke ndani. Hata kama ana haraka namna gani.

Ng'ambo ya mfereji shimo la Nijimbere lilionekana, limefunikwa kwa miiba.

— Nani alipanga zamu? Nadège akauliza, maana alitaka kuandika.

Félicité alitazama chini.

— Mi, akasema Casimir. Ya mwisho nilijichagulia mi mwenyewe.

Usiku ule alikaa nje ya nyumba yake. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema kwamba kisima kimechoka, kwani kila kisima huchoka, na hakuna ambaye angemdai hesabu. Nijimbere alikuwa mgeni, na ndugu zake walikuwa mbali. Lakini alikumbuka neno moja, «tupime», na kofia iliyovuliwa. Alikumbuka kwamba kipimo kingechukua siku moja na bidoni moja. Kesho yake aliwaona watoto wa Kezimana wakirudi kutoka sokoni kwa njia ya mbali, wakizunguka bonde lote ili wasipite kisimani.

Alikwenda kwao jioni. Kezimana alikuwa akichagua maharage katika ungo. Hakumpa kiti.

— Mama Kezimana, bwana yako hakuiba maji. Tulipima. Kosa lilikuwa yangu.

Kezimana alitoa punje mbovu, akaitupa.

— Mi nilijua. Sikukuwa na lazima ya bidoni.

— Nimekuja kuomba...

— Ulimusemea wapi, Papa Casimir?

— Kisimani. Mbele ya bantu.

— Sema palepale. Halafu urudi uniambie unataka kuomba nini.

Jumapili tarehe 25 Agosti wakulima waliitwa tena. Casimir alipanda juu ya jiwe lile lile. Alivua kofia. Alisema kwamba Nijimbere Pierre-Claver hakuwa mwizi. Alisema kwamba Nijimbere aliomba kipimo, naye alikataa kwa kiburi. Alisema namba zote tatu: mia tatu, mia na makumi manane, mia na makumi mawili. Jumla ni bidoni mia sita kwa siku. Kila mtu alistahili mia mbili. Hakumtaja Mungu. Watoto watatu walikuwa wamesimama karibu na mama yao, na watu wote waliwaona.

Kisha akataja deni. Tangu siku ile ya kufukuzwa, zamu kumi zilikuwa zimepita ambazo familia ya Nijimbere ilinyimwa. Bidoni mia mbili mara kumi ni elfu mbili. Kezimana angerudi katika kikundi kwa haki yake mwenyewe, na deni lile lingelipwa kutoka zamu za Casimir peke yake.

— Na nyanya zako? mtu mmoja akauliza.

— Zitakufa.

Nyanya zilikufa kweli. Kwa majuma matano shamba la Casimir halikupata tone. Kikundi kilifuata njia mpya. Chupa iliachwa. Kila zamu ilianza kwa kupima bidoni, na kila dakika kumi walipima tena, kwa kuwa maji hayabaki yale yale. Bidoni mia mbili zikitimia, mashine ilizimwa, hata kama esansi imebaki. Baada ya kila zamu kisima kilipumzishwa masaa matatu, na aliyeanza Jumanne alikuwa wa mwisho Ijumaa. Kezimana alisimamia hesabu yake mwenyewe. Kwa kila bidoni kumi alitia punje moja ya muhindi katika bakuli. Vitunguu vilivyosalia vilinenepa. Sehemu iliyokuwa imekufa aliipanda lengalenga. Mwanawe mkubwa, Niyongabo, alijifunza kusoma sekunde katika simu ya Félicité, na wakulima wengine wa bonde walianza kumwita aje awapimie visima vyao. Walimwita kwa jina lake.

Ijumaa tarehe 27 Septemba ilikuwa zamu ya kumi ya deni, ya mwisho. Mawingu ya kwanza ya mvua yalikuwa yamekaa juu ya milima. Casimir alikuwa kwenye mashine. Kezimana alikuwa mbali kidogo, kwenye mdomo wa tiyo. Alitia punje ya mwisho katika bakuli, akainua mkono.

— Zima. Imetimia.

Casimir aliuona mkono. Hakuzima. Alitaka kumwongezea kitu, na hakuwa na kitu kingine. Kezimana alimtazama. Kisha akauinua mdomo wa tiyo kutoka katika mtaro wake, akauingiza katika bidoni, na ilipojaa akauingiza katika bidoni ya pili. Ndipo Casimir alipozima mashine. Bonde likawa kimya.

Kezimana alishika bidoni moja kwa kila mkono. Alivuka mfereji taratibu, bila kumwaga. Alifika katika shamba la Casimir, penye mashina makavu ya nyanya, akazimimina zote mbili katika mtaro uliopasuka.

— Hizi ni zako, alisema. Zangu zilikuwa elfu mbili. Nimepata zote. Ya maji umelipa.

— Na ile ingine, Mama? Ya bwana yako?

Kezimana aliyatazama maji yakizama katika ufa wa udongo mpaka yalipokwisha.

— Ile ingine sikuidai, Papa Casimir. Hauna ya kuilipa.

Akachukua bidoni zake tupu, akavuka mfereji, akarudi katika vitunguu vyake.